Land Rover yenye moyo wa Toyota

Mtu akitaka kujua motokari za zamani za Bukavu, mashariki mwa Kongo, zimekwenda wapi, asianzie barabarani. Barabara ya Patrice Lumumba, ile ambayo wazee wetu waliijua kama Avenue Royale, siku hizi imejaa Toyota zilizotumika Japani, usukani wake uko kuume katika nchi ambayo sheria inataka tupite kuume, na shofere hana budi kunyoosha shingo hadi dirisha la abiria kabla hajampita mwenzake. Aingie nyuma ya nyumba. Komuni ya Ibanda imejinyoosha ndani ya Ziwa Kivu kama vidole vya mkono, na juu ya vidole hivyo, Muhumba, Nyalukemba, La Botte, bado zimesimama nyumba za enzi ya Wabelgiji. Kila moja ina uwanja wake na mparachichi wake, na mara nyingi chini ya mparachichi kuna kitu kimefunikwa turubai.

Turubai likifunuliwa hutokea Land Rover yenye madirisha ya kusukuma pembeni. Au Volkswagen ya mgongo wa mviringo, Coccinelle yetu. Au Peugeot 404 yenye ncha mbili za nyuma zilizochongoka kama mapezi ya samaki. Kuku wametaga kwenye kiti. Magurudumu hayapo, imekalishwa juu ya matofali, na watoto wa nyumba hiyo wamekua wakiiona pale kama wanavyouona mti.

Kisha siku moja anabisha hodi komisioneri, yule dalali wa viwanja, nyumba na magari. Mazungumzo yake huwa yaleyale, na motokari kwake ni feray, chuma chakavu.

“Papa, hii feray ya nyuma unaiachia ngapi?”

“Si feray, mwanangu. Ni motokari ya marehemu baba.”

“Ndiyo, Papa, nakuelewa. Lakini haitembei. Nitakulipa kwa kilo.”

Neno hilo, kilo, ndilo lililonifanya niandike makala hii. Katika mji huu motokari yenye umri wa miaka 50 au 60, iliyopita katika mikono ya watu watatu wanne na serikali kadhaa, inapimwa kwa mizani ileile ya mabati na misumari. Kwa Land Rover hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu ya kile ilichovikwa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, chuma kilikuwa haba Uingereza na kiligawiwa kwa kipimo. Kiwanda cha Rover cha Solihull kilipotoa Land Rover ya kwanza mwaka 1948, kiliivika aluminiamu. Ndiyo maana bodi yake huweza kunyeshewa na masika ya Kivu mwaka hadi mwaka isitoboke. Kinacholiwa na kutu ni shasi ya chini. Na aluminiamu hiyohiyo ndiyo inayoiponza. Katika miji yetu wako mafundi wa kusubu sufuria, wanaoyeyusha aluminiamu yoyote wanayoipata na kuimimina kwenye kalibu ya mchanga. Mlango wa Land Rover huyeyuka vizuri sana. Sidharau kazi yao. Nimekula ugali uliopikwa kwenye sufuria zao tangu utotoni. Ila mlango ukishakuwa sufuria, haurudi kuwa mlango.

Dunia ya wanaokusanya magari ya zamani ina bei zinazotisha. Mei 2022, huko Stuttgart, Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé ya mwaka 1955 iliuzwa kwa euro milioni 135, bei ambayo hakuna gari lililokuwa limeifikia kabla yake. Ziliundwa mbili tu za aina ile. Hizo ni habari za matajiri wachache, tuwaachie. Zinazotuhusu ni ngazi za chini, ambako watu wa kawaida wa Ulaya na Marekani, walimu wastaafu, mafundi umeme, wenye maduka, hutafuta gari ambalo baba zao waliliendesha. Toyota Land Cruiser ya FJ40, ile fupi yenye paa jeupe iliyotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, hununuliwa Marekani kwa makumi ya maelfu ya dola ikiwa imetengenezwa vizuri. Basi dogo la Volkswagen lenye kioo cha mbele kilichogawanyika katikati, ambalo Ujerumani iliacha kuliunda mwaka 1967, linakimbiliwa zaidi. Hata Coccinelle, iliyoundwa zaidi ya milioni 21 hadi ile ya mwisho ilipotoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, ina wapenzi wanaotazama kwanza kioo cha nyuma: kikiwa kimegawanyika vipande viwili, imeundwa kabla ya katikati ya Machi 1953, kikiwa cha umbo la yai, ni ya kati ya hapo na 1957. Kioo kimoja kidogo hubadilisha bei mara kadhaa.

Wanaosimamia mambo haya duniani ni shirikisho liitwalo FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966. Kwao gari la kihistoria lazima liwe limefikisha miaka 30, litunzwe katika hali inayolingana na historia yake, na lisiwe chombo cha kwenda nacho kazini kila siku. Marekani wanaangalia miaka 25: gari likifikisha umri huo, mtu anaruhusiwa kuliingiza bila kudaiwa masharti ya usalama ya magari mapya. Kwa hesabu hiyo, hata Hilux na Land Cruiser nyingi ambazo Bukavu tunaziona za juzi tu zimeshavuka mstari.

Na Bukavu ina bahati ambayo hatukuiomba. Ulaya ya kaskazini humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma cha gari kutoka chini hadi milango ibaki kama kitambaa. Sisi hatuna theluji wala hatuna bahari. Gari la Ibanda limepigwa na mashimo, matope na mawe, springi zimevunjika na kuungwa, lakini mara nyingi mbavu zake ni nzima kuliko za ndugu yake aliyebaki Brussels.

Tena magari haya hayakuwa mapambo. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi: injini ya kabureta hupoteza takriban sehemu moja ya nguvu zake kati ya saba, petroli inakuwa nyingi kupita kiasi kwa hewa iliyopo, plagi zinakuwa nyeusi. Fundi wa zamani alijua kufungua kabureta na kuweka jikleri, kipitishio cha petroli, yenye tundu dogo zaidi, akasikiliza, akafunga. Coccinelle ilipendwa kwa sababu haikuwa na rejeta ya kuchemka kwenye mlima. Injini yake ilipozwa na upepo, nayo ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo ilipenya matope ambamo magari makubwa zaidi yalizama. Si sisi tu tuliogundua hilo. Mashindano ya kwanza ya Safari ya Afrika Mashariki, mwaka 1953, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa na Volkswagen. Peugeot 404 ilifuata ikashinda 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili kati ya hizo ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania. Waliokuwa wakishuka mteremko wa Ngomo kuelekea Kamanyola na Uvira waliendesha Safari yao wenyewe kila wiki, bila saa ya kuwapima na bila kombe.

Sasa nije kwenye karatasi, maana hapo ndipo familia nyingi za Ibanda zimekalia mali bila kujua.

Mnunuzi wa gari la kale hununua vitu viwili: chuma, na habari za chuma hicho. Chuma peke yake kinapatikana popote. Habari hukaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, pamoja na vyeti vya ubatizo na stakabadhi za kiwanja. Kuna karte rozi, yaani kadi ya gari, kuna risiti za kodi, kuna barua ya garaji, kuna picha ya harusi ambamo motokari imesimama nyuma ya bibi harusi. Karatasi hizi, kwa historia ya nchi yetu, zinajitaja umri zenyewe. Yenye kichwa cha Congo Belge ni ya kabla ya 30 Juni 1960. Ikisema Costermansville badala ya Bukavu ni ya zamani zaidi, kabla mji haujaacha jina la Paul Costermans, yule ofisa wa Dola Huru ya Kongo. Yenye République du Zaïre iko kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Na kama imeandikwa Kivu tu, bila Kusini wala Kaskazini, basi ilitolewa kabla ya 1988, mwaka ambao Kivu moja iligawanywa ikawa Kivu mbili na Maniema.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni halielewi mpaka aelezwe. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliagiza watu waache majina ya Kikristo. Mtu aliyenunua motokari mwaka 1969 akiitwa Joseph, alilipa kodi yake mwaka 1973 akiwa na jina la babu yake. Mnunuzi wa Ulaya akiona majina mawili kwenye gari moja hushtuka, hudhani ni wizi. Kumbe mtu ni yuleyule, na motokari ni ileile. Iliyobadilika ni amri ya nchi. Familia ikiweza kuyaeleza hayo kwenye ukurasa mmoja, ikaambatanisha karatasi zote mbili, kile kilichoonekana kasoro kinageuka ushahidi ambao hakuna Land Rover ya Uingereza iliyo nao.

Vivyo hivyo na 30 Novemba 1973, siku Mobutu alipotangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazairwa. Huku Kivu yalikuwako mashamba ya chai, ya kahawa na ya kwinini, na maduka ya wafanyabiashara wa kigeni mjini. Shamba lilipobadili mwenyewe, malori na magari yake yalikwenda nalo. Karatasi ya makabidhiano ya miezi ile, hata kama imeliwa na mchwa pembeni, inaeleza kitendo kikubwa cha siasa kwa kutaja namba ya shasi.

Na kwa nini zimebaki chache? Mtu mzima wa Bukavu hahitaji kuelezwa. Agosti 1964 waasi wa Simba waliushambulia mji wakarudishwa na jeshi la Kanali Mulamba, ambaye jina lake limebaki kwenye mzunguko wetu. Agosti 1967 mamluki wa Jean Schramme waliukamata mji wakaushikilia hadi Novemba, walipovuka Ruzizi kuingia Rwanda. Oktoba 1996 vita vikaja tena. Askofu Mkuu Munzihirwa alizuiwa Nyawera akiwa safarini ndani ya gari, akauawa, na mahali pale hatupapiti bila kumkumbuka. Ikaja 1998. Ikaja 2004. Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia. Kila mara bunduki zinapofika mjini, kitu cha kwanza kuulizwa mlangoni ni ufunguo wa motokari. Waliotaka kuiokoa ya kwao walijifunza kung'oa magurudumu, kuficha betri juu ya dari, kuzika kifuniko cha delko bustanini ndani ya mfuko wa nailoni.

Kwa hiyo ile motokari iliyokalishwa juu ya matofali chini ya mparachichi, ambayo komisioneri anaiita feray kwa sababu haitembei, huenda haikuharibika kamwe. Ilifichwa. Aliyeificha alifariki kabla hajasema vitu vyake alivificha wapi.

Nimefika sasa kwenye swali ambalo limenisumbua muda mrefu, nalo ndilo la Land Rover yenye moyo wa Toyota.

Katika miaka ambayo pesa ya Zaire ilikuwa ikiyeyuka na vipuri vya Uingereza havionekani tena, wenye Land Rover walibaki na injini ya petroli ya lita mbili na robo inayokunywa kama ngamia aliyefika kisimani. Toyota ilikuwa na vipuri. Vilipita Dubai, Mombasa, Kampala, vikafika. Basi mafundi wetu wakafanya kile ambacho wenzao wa Kenya na Tanzania walikuwa wakikifanya pia: wakatoa moteri ya Land Rover wakaweka ya Toyota. Sentensi hiyo ni fupi, kazi yenyewe si fupi. Mashimo ya injini moja hayalingani na ya giaboksi ya nyingine. Fundi alichukua sahani nene ya chuma, akaipima kwa kamba na kwa jicho, akaitoboa, akaisugua kwa tupa siku kadhaa mpaka shimo la katikati likawa duara kamili, kwa sababu likipinda hata kidogo klachi italiwa. Kisha akachomelea miguu mipya ya kuishikilia injini, akakunja bomba la moshi, akatafuta namna ya kuunganisha waya wa mafuta. Hakuwa na mashine ya kukata chuma wala mchoro. Akawasha. Ikaondoka.

Sasa mpeleke mkusanyaji wa magari aione. Atafungua boneti, ataangalia namba ya injini, atailinganisha na karatasi za kiwanda, kisha atatikisa kichwa. Kwa desturi ya soko lake, gari la thamani kamili ni lile lenye injini iliyozaliwa nayo. Land Rover ya Ibanda inashushwa bei kwa sababu ya sahani ileile iliyoiokoa. Ingekuwa imeachwa na injini yake ya kwanza, ingekufa mwaka 1982 na leo ingekuwa sufuria jikoni kwa mtu.

Mimi naona sheria hiyo, ikitumiwa kwetu bila kufikiri, inatudhulumu. Inapenda gari lililolala kwenye banda kavu huko kwa matajiri, na inaliadhibu lililobeba wagonjwa, magunia ya kahawa na maharusi kwa nusu karne. Tena hata FIVA yenyewe, katika vipimo vyake, inatenga nafasi kwa gari lililobadilishwa katika zama zake, wakati likiwa bado kazini, na hailiweki kundi moja na lililoharibiwa juzi kwa ajili ya fahari. Mlango huo uko wazi. Tatizo ni kwamba mtu hawezi kuupita kwa maneno matupu. Anatakiwa kuonyesha badiliko lilifanywa lini, na nani, kwa sababu gani. Mafundi wetu hawakuandika. Walijua mikononi. Wengi wao sasa ni wazee sana au wametangulia, na sahani zao za chuma zimebaki ndani ya magari bila jina wala tarehe.

Ningependa mtu, hata kijana mmoja mwenye simu ya kupiga picha, apite garaji za Ibanda na Kadutu awaulize waliobaki. Sahani hii uliikata wapi? Chuma kilitoka wapi? Aliyekulipa alikuwa nani, na alikulipa nini, pesa au mbuzi? Hayo yakiandikwa, Land Rover ileile itakuwa na thamani ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha bei. Na injini ya zamani iliyotolewa isitupwe. Ikae kwenye kona ya banda hata ikiwa imekwama. Mnunuzi akijua ipo, mazungumzo yanabadilika.

Tusijidanganye kuhusu kuuza. Bukavu haina mnada wa magari ya kale. Benki zilifunga milango mji ulipoangukia mikononi mwa waasi, na kuvusha hata baiskeli kuna maswali yake, seuze Mercedes ya mwaka 1978. Soko la karibu lenye mizizi liko Nairobi, ambako maonyesho ya Concours d'Elegance yamefanyika tangu 1970, na ambako Safari ya magari ya kale ilianzishwa 2003, ikiwarudisha barabarani wale akina Datsun na Escort wa zamani. Huko mtu anayejua tofauti ya kioo cha yai na kioo cha kawaida hapatikani kwa shida. Anayetaka kuuza leo kwa haraka atauza kwa kilo. Anayeweza kungoja angoje, akitumia muda huo kuijua mali yake.

Kuna jambo moja dogo ambalo linaweza kufanywa hata kesho, nalo halina gharama: kuchukua sumaku. Ipitishwe juu ya bodi ya Land Rover. Isiponata, ni aluminiamu ya Solihull. Ikinata, tena mabawa ya mbele yakiwa yameinama badala ya kukatika wima, mwenye nayo asimruhusu komisioneri aisogelee, kwa sababu huenda ni Minerva. Kiwanda hicho cha Antwerp kiliunda Land Rover kwa leseni kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji kuanzia 1952, kikazivika chuma, na baada ya miaka michache kikaacha. Wakusanyaji wa Ubelgiji wanazijua na wanazitafuta.

Kisha mafuta ya taa kidogo, brashi ya waya na tochi. Kwenye Land Rover nyingi namba ya shasi iko mbele, upande wa kuume, imegongwa kwenye shasi pale springi inaposhikiliwa. Kwenye FJ40 iko upande huohuo, karibu na gurudumu la mbele. Kwenye Coccinelle inabidi kuwafukuza kuku, kuinua kiti cha nyuma, na kusugua mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu. Vumbi litatoka kwanza, kisha rangi ya zamani, kisha tarakimu moja moja.